Lubumbashi: Virusi vyaficha kazi ya chuo, familia moja ya Katuba yabadili mfumo wa kompyuta

LUBUMBASHI – Jumanne moja jioni, mwezi wa kumi na moja mwaka 2025, mvua ilikuwa imekatika lakini umeme ulikuwa haujarudi katika komini ya Katuba. Binti wa mwalimu mmoja wa hesabu aliingia nyumbani na flashi mkononi, hakusalimu mtu, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Alikuwa ametoka kwenye kibanda cha fotokopi, alikokwenda kutoa kwenye karatasi sura mbili za kwanza za kazi yake ya kumaliza chuo, ile ambayo wanafunzi wote wa Kongo wanaiita TFC. Flashi ilipoingizwa kwenye mashini ya kibanda, majina ya mafolda yake yote yalionekana, ila kila moja lilikuwa na mshale mdogo kwenye pembe, na kila alilobonyeza halikufunguka.

« Papa, kazi yote imepotea. »

Nakala ya nyumbani haikuwapo tena. Wiki tatu nyuma kompyuta ya familia ilikuwa imefutwa yote na kuwekewa Windows upya, kwa sababu hiyohiyo ya virusi, na kijana aliyefanya kazi hiyo hakuuliza kama kuna kitu cha kuokoa. Au aliuliza, na hapo wanafamilia hawapatani: mama anasema aliuliza, baba anasema hapana. Vyovyote vile, miezi minne ya kuhoji wauza makala kwenye soko la komini ya Kenya ilikuwa imebaki ndani ya flashi moja ya dola tano.

Kijana wa kibanda, ambaye familia inamjua toka akiwa mdogo, alitoa dawa ya siku zote: kuformati. Dola kumi. « Papa mwalimu, hii virusi iko kila fasi, si kwako tu. » Na hapo alisema kweli. Katika mji huu flashi moja inapita kwa mwanafunzi, kwa sekretari wa shule, kwa mpiga picha wa harusi, kwa kibanda, na inarudi nyumbani imebeba mizigo ya wote.

Siku mbili flashi ilikaa ndani ya kikombe juu ya kabati, hakuna aliyethubutu kuigusa. Alhamisi akaja mtoto wa dada yake mwalimu, mwanafunzi wa informatiki, na kompyuta yake mgongoni. Akaichomeka, akatazama, akacheka. Mafolda ya binti yalikuwa pale yote, na ndani yake sura mbili, picha za magunia, na orodha ya maswali. Kando yake kulikuwa na vifaili vyenye mshale, vimekaa bure kama vibao vya duka lililofungwa.

Virusi vya namna hii mara nyingi havifuti kitu. Vinayaficha mafolda ya kweli, halafu vinaweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtu akibonyeza njia ya mkato, kumbe anawasha programu ya virusi kwa mkono wake mwenyewe. Lakini maagizo hayo yameandikwa kwa ajili ya Windows. Kompyuta ya mpwa ilikuwa inatumia Linux, na kwa Linux njia ya mkato ile ni karatasi isiyo na maana, na alama ya kuficha ambayo Windows inaiheshimu, yenyewe haiijali. Kama wangekubali kuformati siku ya jumanne, kazi ingekuwa imekwenda kweli.

Binti alilia kidogo. Kisha akanakili sura zake mahali patatu kabla ya kula.

Mwalimu hakulala upesi usiku ule. Kompyuta yake si ya kujivunia. Aliinunua mwaka 2019 katikati ya mji kwa dola 180, mtumba uliotoka Ulaya, yenye prosesa ya Core i3 ya mwaka 2012, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya 320. Batri ilikufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika, nayo inazimika palepale. Windows 10 iliyokuwamo haikulipiwa na mtu. Ilifunguliwa kwa kiprogramu cha kuvunja kufuli, na kiprogramu hicho hakikubali kuingia mpaka antivirusi izimwe kwanza. Yaani ili mashini ipone, lazima mlinzi afukuzwe mlangoni, na mgeni aingie wakati mlinzi hayupo. Halafu tunashangaa virusi vinatoka wapi!

Kuna na habari nyingine ambayo imewapita wengi hapa mjini. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya kurekebisha Windows 10 bure. Mashini hazikuzimika siku hiyo, ndiyo sababu watu hawakuona kitu, lakini tundu likigunduliwa leo, mwenye Windows 10 ya kawaida hana fundi wa kuliziba. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo kompyuta ya mwaka 2012 haina. Ziko mbinu za kuipitisha kwa dirisha, na kibandani wanazijua. Kwa upande wa leseni, Windows 11 Home inauzwa Marekani dola 139. Mwalimu wa hesabu alifanya hesabu yake: ukiongeza dola 41, umekwisha kununua kompyuta nzima.

Kesho yake jioni alimwambia mpwa wake: « Mimi sitaki hadithi. Nataka mashini ambayo mama wa watoto ataifungua bila kuita mtu. »

Hadithi alipewa vilevile, maana wanafunzi wa informatiki hawawezi kuanza jambo katikati. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo ambao kila mtu ana haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa kwa wengine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaandika kiini kilichokuwa kinakosekana, ndicho Linux. Kutoka hapo kila kikundi kikachukua kiini hicho na kukivalisha nguo yake, na ndiyo maana leo iko mifumo mamia, na mtu mgeni anapoulizia « Linux » anajibiwa na majina ishirini kwa mara moja. Mama alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa, mpaka alipolisikia jina la Ubuntu.

« Hilo ni jina la kwetu. »

Yeye ni Muluba, na kwao utu unaitwa bumuntu. Mpwa akamweleza kwamba kweli jina hilo ni la lugha za Afrika Kusini, na kwamba aliyeanzisha mfumo huo mwaka 2004, Mark Shuttleworth, ni mtu wa huko. Kwa miaka mingi, mpaka 2011, waliotaka Ubuntu walitumiwa CD kwa posta bila kulipa kitu. Mama akasema basi ni hiyo, wachukue hiyo. Kama uchaguzi ungefanywa kwa jina, ungekuwa umekwisha siku ile.

Mpwa alirudi jumamosi iliyofuata na flashi ya gigabaiti 32 yenye mifumo minne: Ubuntu, Lubuntu, Debian na Linux Mint. Kuipata haikuwa rahisi. Alikuwa amenunua mega za usiku, zile za bei nafuu, akaacha simu ikivuta faili mpaka alfajiri, siku baada ya siku. Faili la Mint lenye mazingira ya Xfce, ambalo halifiki gigabaiti 3, alilivuta mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza koneksio ilikatika na hesabu ya uhakiki ikakataa kulingana na ile inayotolewa na watengenezaji. Wengi hawafanyi uhakiki huo. Wanaandika faili bovu kwenye flashi, usanikishaji unakwama katikati, halafu wanasema Linux ni mbaya.

Jambo zuri la mifumo hii ni kwamba inaweza kuamka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Unawasha mashini, unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia, unakaa ndani ya mfumo mgeni kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Ukizima na kutoa flashi, Windows yako iko palepale ilipokuwa.

Mwalimu akageuza jambo kuwa mtihani. Kila mtu wa nyumba atakaa peke yake, bila kuelekezwa: atafute faili lake, alifungue, aandike mstari, ahifadhi, azime mashini kwa utaratibu. Pointi juu ya ishirini. Mpwa aliagizwa kukaa barazani, na mara tatu alirudishwa huko.

Ubuntu, pamoja na jina lake la heshima, ilichelewa sana kuamka kwenye gigabaiti 4, na safu ya picha iliyosimama upande wa kushoto ilimchanganya mama. « Kazi zangu ziko wapi? Kwa nini vitu vimepanda ukutani? » Ilipata 11. Mpwa alilalamika kutoka barazani kwamba mfumo unaoendeshwa kutoka kwenye flashi daima unakwenda polepole, na hilo ni kweli, lakini yote minne ilikuwa kwenye flashi ileile. Lubuntu ilikimbia vizuri kuliko zote. Ni nyepesi, imetengenezwa hasa kwa mashini dhaifu, na kwa kompyuta ya gigabaiti 2 mtu hana sababu ya kutafuta mbali. Binti aliipenda. Mama alishindwa kupata mahali pa kuongeza ukubwa wa maandishi, na kwa macho ya mtu wa miaka hamsini hilo si jambo dogo. 13.

Kuhusu Debian ni afadhali kusema kidogo tu. Ndiyo anayoitumia mpwa mwenyewe, na ni mama wa mifumo mingi, toka mwaka 1993. Ilipata 9, na kijana hakusema na mjomba wake mpaka chakula kilipokuja. Ukweli usemwe: Debian ikivalishwa nguo nzuri na mtu anayeijua, mama angeweza kuitumia bila shida. Lakini kila kijana anayejua kompyuta ana ugonjwa huu, wa kumchagulia shangazi yake kitu kinachomfurahisha yeye.

Mint ilipofunguka, mama aliweka mkono kwenye panya, akaenda chini kushoto bila kufikiri, menyu ikafunguka. Kitufe cha kufunga dirisha kilikuwa juu kulia. Saa chini kulia. Akapata faili la likelemba ya wamama, maana yeye ndiye mshika hesabu wa wanachama 24, akaandika jina la aliyelipa wiki ile, akahifadhi, akazima. Hakuita mtu. Mwalimu alimpa 16, na mama akauliza hizo nne zilizobaki zimekwenda wapi.

Linux Mint ilianza mwaka 2006 kwa mkono wa Mfaransa anayeishi Ireland, Clément Lefebvre. Imejengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu nayo imejengwa juu ya Debian, kama nyumba ya ghorofa. Toleo la 22, ambalo msingi wake ni Ubuntu ya mwaka 2024, linahudumiwa mpaka 2029. Linaridhika na gigabaiti 2 za kumbukumbu, ingawa 4 ndizo zinazoshauriwa. Wanaopenda mambo mapya wanaicheka Mint kwamba imebaki na sura ya kompyuta za zamani. Kwa nyumba ya Katuba sura hiyo ya zamani ndiyo iliyofanya mtu asiogope.

Likabaki swali la mama, ambalo halikuwa kwenye mtihani: « Wewe ukirudi chuoni, likiharibika nitamuuliza nani? » Kibandani hakuna anayejua Linux. Hapo ile nyumba ya ghorofa ikasaidia, kwa sababu dawa ya tatizo la Ubuntu kwa kawaida inafaa kwa Mint, na maelezo ya Ubuntu kwa Kifaransa ni mengi. Kwa Kiswahili ni machache. Waliwahi kujaribu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, lakini kompyuta za hapa zinaendelea kusema Kifaransa, na binti aliyesoma shule yote kwa Kifaransa hakuona ajabu. Mama aliona.

Kazi yenyewe ilifanyika jumapili baada ya misa, kwa jirani mwenye sola na batri kubwa, maana umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, unaweza kupoteza vyote viwili, kipya na cha zamani. Mafaili yote yalikuwa yamenakiliwa kwanza. Mwalimu hakutaka kuifuta Windows moja kwa moja. Pointi za wanafunzi wake zinakaa ndani ya kitabu cha Excel alichopewa na shule, chenye vitufe vinavyofanya hesabu vyenyewe, na alikuwa amekwisha kuona kwamba LibreOffice inakifungua kitabu hicho vizuri lakini vitufe havifanyi kazi. Kwa hiyo Windows iliachiwa kipande cha diski, nayo Mint ikapewa sehemu kubwa. Saa moja haikwisha, kompyuta ikauliza wakati wa kuwaka: unataka ipi?

Wiki ya kwanza haikuwa ya asali. Kompyuta ilikuwa imewekwa kwa haraka, na mtu aliyechagua kibodi aliacha ile ya Kimarekani, ambayo herufi zake hazikupangwa kama kwenye kibodi za Kifaransa tunazotumia. Binti akaandika « a » ikatoka « q », akakasirika, akatafuta mwenyewe kwenye mipangilio mpaka akaibadili kuwa ya Kifaransa. Vizuri sana. Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikaomba neno la siri na kulikataa. Mara tano, mara kumi. Baba akasema ndiyo hayo, sasa tumefungiwa nje ya nyumba yetu.

Neno lenyewe, ambalo limekwisha kubadilishwa, lilikuwa kamalondo. Aliyetatua ni mtoto wa mwisho, wa miaka kumi na moja, ambaye alikuwa amesikia tu dada yake akilalamika juu ya « a » na « q ». Siku neno lilipowekwa, kibodi ilikuwa ya Kimarekani, kwa hiyo vidole viliandika kamalondo lakini mashini ilisoma kitu kingine: kila « a » ilikuwa « q », na « m » ilikuwa nukta-mkato. Wakaandika kq;qlondo. Mlango ukafunguka. Mtoto huyo sasa ana mchezo wake wa GCompris alioruhusiwa kuucheza nusu saa kila siku, kama mshahara wa ufundi.

Mambo mengine yalikwenda bila kelele. Umeme unakatika kama kawaida, mara mbili, mara tatu kwa siku, na mfumo unaamka tena bila ile skrini nyeusi ya kukagua diski iliyokuwa ikila dakika ishirini za Windows. Mega nazo zinakaa. Hapo zamani mwalimu alikuwa akiunganisha simu kwa waya kutuma barua moja, kumbe Windows inavuta masasisho yake kimyakimya mpaka mega za wiki zinakwisha. Mint inaonyesha alama tu kwamba kuna kipya, na kama ilivyowekwa, haisanikishi mpaka mtu akubali. Sasa mpwa anaichukua kompyuta mara moja kwa mwezi kwenda nayo kwenye koneksio ya chuo. Mtu asije akadanganywa kwamba masasisho si ya lazima kwa Linux. Ni ya lazima. Na flashi yenye virusi inayopita kwenye Linux bila madhara bado inabeba virusi vilevile kwenda kwa jirani, kama haikusafishwa. Binti amejifunza kufuta vile vifaili vya mshale kila anaporudi kutoka mjini.

TFC ndiyo iliyokuwa na hatari kubwa. Msimamizi wa kazi anataka Times New Roman, ukubwa wa 12, na anaandika maoni yake pembeni kwa Word. Herufi ya Times New Roman haimo ndani ya Mint, kwa sababu si mali huria. Mahali pake imo Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake umefanywa kuwa sawasawa na ule wa Times, ili mistari isihame. Binti hakuamini. Alihesabu kurasa: 47 kwenye kompyuta ya rafiki yake yenye Word, 47 nyumbani. Jedwali moja la bei za makala lilisogea, akalirekebisha. Maoni ya msimamizi yalionekana yote, hata yale ambayo angependa yasionekane. Na wakati wa kutoa karatasi hapeleki tena faili la Word kibandani. LibreOffice inatoa PDF yenyewe, na PDF haibadilishi sura kwa sababu ya mashini ya mtu.

Mwalimu, kwa upande wake, aliendelea kurudi Windows kila mwisho wa kipindi kwa ajili ya kitabu cha pointi. Mwezi wa kwanza alichoka. Akakaa jumamosi tatu, akaandika kanuni zake mwenyewe ndani ya LibreOffice, safu kwa safu, mpaka jumla zikalingana na zile za kitabu cha shule. Njiani aligundua kwamba kitabu cha shule kilikuwa kinakosea wastani wa mwanafunzi asiyefanya mtihani mmoja. Alipeleka habari hiyo kwa wakubwa wake. Bado hawajajibu.

Kijana wa kibanda naye alikuwa ameanza kushangaa kutoitwa. Miaka miwili nyumba ile ilimpa kazi mara nne, sasa miezi mitatu imepita. Siku moja jioni alipita mwenyewe, akasimama mlangoni kwa heshima.

« Papa mwalimu, mumeniacha? »

Akakaribishwa, akapewa maji, akaonyeshwa mashini. Aliikagua kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine, akabonyeza huku na huku, akauliza iko antivirusi gani, akaambiwa hakuna. Akauliza inauzwa ngapi. Mpwa, aliyekuwapo siku hiyo, akamwambia haiuzwi, na kwamba anaweza kupewa flashi akanakili, akagawa, hata akalipisha watu kwa kazi ya kuwasanikishia, bila kuvunja sheria ya mtu. Kijana akamtazama kuona kama anataniwa. Katika kazi yake yote hakuna kitu alichowahi kunakili ambacho alikuwa na ruhusa ya kukinakili.

« Nikilipisha dola tano? »

« Hata kumi, » akasema mpwa.

Mama alikuwa kwenye meza anaingiza malipo ya likelemba, hakugeuka. « Lipisha unavyotaka, mwanangu. Lakini kabla ya kugusa mashini ya mtu, uliza kwanza kama kuna kitu cha kuokoa. »

« Mama, » akasema kijana, « siku ile niliuliza. »

Mama akaacha kuandika. Akageuka polepole kwenye kiti, akamtazama mumewe.